Chukudu: tunalipa gunia, nani analipa gurudumu?

Wiki iliyopita, asubuhi moja ya mvua, nilikuta chukudu imegeuzwa magurudumu juu pembeni ya barabara, pale Majengo. Mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa amepiga magoti ndani ya matope, anapigilia kipande cha mpira wa gari kwenye gurudumu la nyuma. Magunia ya viazi yalipangwa kando yake, na mama mwenye viazi alisimama chini ya mwavuli, simu mkononi, anaangalia saa.

« Papa, mpira huu niliupiga mwezi huu huu, » kijana aliniambia bila kuinua kichwa. « Angalia, umeisha. »

Mama hakungoja nijibu. « Mimi nililipa viazi vifike sokoni. Sikulipa mpira. »

Nilienda zangu kazini, lakini neno lile halikunitoka. Kwa upande mmoja mama ana haki. Walipatana bei ya kila gunia kutoka Kibumba hadi soko la Virunga, na bei ni bei. Kwa upande mwingine, ndani ya neno lile mna kosa ambalo mji mzima wa Goma unalifanya kila siku, na mimi nikiwemo. Tunahesabu gunia, tunahesabu kilometa, tunahesabu hata mvua, lakini gurudumu hatulihesabu. Na gurudumu ndilo linalozuia mzigo ule usiingie ndani ya watu.

Kwa wasomaji walio Lubumbashi, Kisangani ama ng'ambo ambao hawajaiona: chukudu ni kama baiskeli isiyo na pedali wala kiti, yote ya mbao, yenye usukani mbele, ubao mrefu wa kubebea mzigo, na magurudumu mawili ya mti mgumu yaliyozungushiwa mpira wa gari uliochakaa. Kwenye mlima inasukumwa. Kwenye mteremko mwenyewe anapiga goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unabaki huru nyuma, na anashuka. Freni yake ni kipande cha mpira kilichofungwa juu ya gurudumu la nyuma; ukikikanyaga kinasugua gurudumu, na chukudu inapunguza mbio. Basi, hakuna freni nyingine. Na chombo hicho kinabeba kilo mia kadhaa: viazi, mashu, makala, mbao, saruji, maji. Mwaka wa 2009 tuliijengea sanamu ya rangi ya dhahabu hapa mjini, na wageni wanapiga picha mbele yake. Sanamu ile haijawahi kubadilishiwa mpira.

Jioni ya siku ile nilimsimulia mpwa wangu habari ya kijana na mama. Akacheka, akafungua simu. « Mjomba, hebu angalia na hawa. Nao gurudumu linawamaliza makuta. »

Katika video kulikuwa na vijana wa Ulaya wakishuka mlima kwa longibodi, yaani ubao mrefu wa magurudumu manne madogo, mtu amesimama juu yake bila kushika kitu. Wanashuka kwa mwendo wa gari. Kichwani wamevaa kofia ya pikipiki, mikononi glavu zenye kisahani cha plastiki kwenye kiganja. Wakifika kwenye kona, wanageuza ubao upande, kama gari linaloserereka, na magurudumu yote manne yanakwaruza lami kwa kelele. Mbio inapungua, wanarudisha ubao sawa, wanaendelea. Nyuma yao barabarani inabaki mistari meupe. Nilidhani ni chaki. « Hapana, mjomba. Hilo ni gurudumu lenyewe. Wanaliacha barabarani ndipo wapunguze mbio. »

Hapo nilikaa wima. Usiku ule nililala saa saba kwa sababu ya kusoma mambo ya magurudumu, na mke wangu anaweza kushuhudia kwamba hajafurahi bado.

Hadithi yao ni hii. Zamani mbao hizo zilikuwa na magurudumu ya chuma ama yale yaliyoitwa ya udongo. Ukikanyaga jiwe dogo, ubao unasimama na mtoto anaendelea peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kijana mmoja Mmarekani, Frank Nasworthy, akaleta kwenye mbao hizo magurudumu ya poliyuretani, aina ya plastiki inayonyumbuka kama mpira lakini ngumu kuisha. Aliyauza kwa jina la Cadillac Wheels. Kwa mara ya kwanza gurudumu likashika barabara. Na gurudumu linaloshika barabara ndilo linaloweza kuteleza kwa hesabu, kwa sababu la chuma linateleza wakati wote, utake usitake. Katika milima ya Berkeley, California, mtu anayeitwa Cliff Coleman akawa mwalimu wa kuteleza huko: unainama, unaweka mkono wenye glavu chini, ubao unageuka, unapunguza mbio. Mpaka leo mtindo huo unaitwa kwa jina lake.

Tangu hapo kuchagua gurudumu kumekuwa elimu nzima. Ugumu unapimwa kwa namba, na kwa longibodi za kushuka milima namba zinaanzia karibu na 78 na kupanda hadi 86 ama zaidi. Za watoto wanaoruka ngazi za mjini zinakaribia 100. Namba kubwa, gurudumu gumu. Upana wake unatazamwa, na hasa ukingo wake. Ukingo wa mviringo unaanza kuteleza polepole, haukushtui. Ukingo mkali wa pembe unauma lami, unakataa, unakataa, halafu unaachia kwa ghafla. Huo ni wa mashindano, wa mtu anayetaka kukata kona bila kuteleza. Hata ngozi ya gurudumu jipya ina habari yake: linatoka kiwandani likiwa na utando unaong'aa, na mpaka utando huo utoke, gurudumu halijaonyesha tabia yake ya kweli.

Lakini kilichonigusa ni swali wanaloanza nalo. Hawaanzi na « gurudumu gani linadumu zaidi? » Wanaanza na « linaachiaje barabara, na linaishikaje tena? » Gurudumu gumu sana linadumu, lakini linateleza mbali kabla ya kupunguza mbio, na kwenye lami yenye unyevu linakuwa kama sabuni. Gurudumu laini linashika vizuri, linasimamisha haraka, na kila mara linaacha nyama yake barabarani. Wao wanajua kwamba kusimama kuna bei, na bei hiyo inatolewa kwenye gurudumu. Wakiulizana linadumu muda gani, mwenye akili anajibu kwa maswali: una kilo ngapi, unashuka mbio kiasi gani, lami yenu ni laini ama ina meno? Mtu mzito, mwenye mbio, kwenye lami yenye meno, anaweza kumaliza magurudumu manne laini kwa siku moja ama mbili. Anayejifunza polepole kwenye lami laini anayatumia miezi. Ni magurudumu yale yale.

Najua mtu atasema: hao wanacheza, sisi tunatafuta chakula. Ndiyo. Basi tufanye hesabu tuone nani ana haki ya kufikiria gurudumu zaidi.

Mtu wa kilo 70 anayeshuka kwa kilometa 50 kwa saa ana nguvu ya mwendo ambayo freni inapaswa kuimeza. Chukudu yenye jumla ya kilo 400, mtu, mti na magunia pamoja, ikienda kilometa 20 tu kwa saa, ina nguvu karibu sawa na ile. Kilometa 20 kwa saa kwenye mteremko si mbio; mbwa anakupita. Ukifika 40, nguvu haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Na mwenye longibodi anapunguza mbio kwa magurudumu manne yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Wetu anapunguza kwa kipande kimoja cha mpira juu ya gurudumu moja.

Tena yeye anashuka dakika chache, anapanda gari, anarudi juu. Wetu anashuka kutoka Kibumba, Kilimanyoka, Kanyaruchinya, Munigi, zaidi ya kilometa 20, na kwa sehemu kubwa mguu uko juu ya freni. Tuseme kilo hizo 400 zinashuka mita 300 kwa wima. Joto linalotoka katika kushuka huko linatosha kuchemsha lita tatu na nusu za maji ya baridi. Sehemu inakwenda hewani, sehemu inaishia kwenye ekseli na barabarani, lakini sehemu kubwa inakwenda pale freni inaposugua. Ukikuta kijana amesimama Munigi na kuna harufu ya mpira ulioungua, usidhani mtu anachoma takataka.

Na barabara yetu ina meno kuliko ya Berkeley. Mwezi wa tano 2021 lava ya Nyiragongo ilikata barabara hiyo hiyo ya Rutshuru, kama vile mwaka wa 2002 ilivyopita katikati ya mji. Kila mtu wa Goma aliyewahi kuanguka akiwa mtoto anajua jiwe la lava linafanya nini kwenye goti. Mpira nao unafanywa hivyo hivyo. Kokoto hizo ni msasa, na msasa huo unakula gurudumu kwa chini wakati freni inalila kwa juu.

Niseme basi ninachofikiri, na wenye chukudu wanisamehe kwa kuingilia kazi yao. Nimeongea na mafundi wawili wanaotengeneza chukudu, mmoja ndiye aliyenitengenezea milango ya nyumba. Wote wawili waliniambia kitu kimoja: mteja akija kubadilisha mpira, anauliza wa bei ndogo. Asiyeuliza bei anauliza ule mgumu zaidi, kwa sababu mgumu unadumu. Haulizwi mteremko anaopita wala mzigo anaobeba. Mimi naona maswali hayo mawili ndiyo ya kwanza, na bei ni ya tatu.

Anayezunguka Birere na Katindo na saruji magunia mawili, pahali pa tambarare, achukue mpira mgumu uliozeeka, anahitaji kuviringika kwa wepesi na kudumu. Ana haki. Lakini anayeshuka Kibumba na mzigo kamili akichukua mpira ule ule, amenunua gurudumu linalodumu kwa sababu halisugui. Mpira uliokaa juani miaka unakuwa kama kwato. Hauishi kwa sababu haushiki. Na mvua ikinyesha, kama ilivyonyesha asubuhi ile, unageuka sabuni.

Sisi hatuna duka lenye namba ya ugumu iliyoandikwa ubavuni. Mpira wetu unatoka kwenye malori yaliyochoka. Lakini kile kipimo cha Wazungu si uchawi: ni kisindano kinachosukumwa na springi ndani ya mpira, wanasoma kimezama kiasi gani. Ukucha wa kidole gumba unafanya kazi hiyo hiyo kwa fundi mwenye uzoefu. Bonyeza: ukucha ukiingia kidogo na mpira ukarudi, mpira una uhai. Ukucha ukikataa kabisa, ni kwato. Halafu kikunje kipande kwa nguvu na utazame mgongo wake. Ukiona nyufa ndogo ndogo kama udongo wa kiangazi, kirudishe.

Angalia pia kimekatwa wapi. Sehemu ya mpira wa lori inayokanyaga barabara ni nene na ilitengenezwa ili isuguliwe. Ubavu wake ulitengenezwa ili ujikunje, si kusuguliwa. Ni laini mkononi, unakatika kwa kisu kwa urahisi zaidi, na ndiyo maana wauzaji wanaupenda. Kwenye gurudumu unaisha upesi. Kijana wa Majengo alipigiwa ubavu. Nilikitazama kipande cha zamani kilichotupwa pale chini: kilikuwa hakina hata alama ya meno ya kukanyagia, kina herufi za kiwanda tu. Tatizo la sehemu ya kukanyagia ni nyuzi za chuma zilizo ndani; zinavunja kisu, na mpira ukiisha zinachomoza na kutoboa mguu wa mwenyewe. Fundi anadai zaidi kwa kuukata, na anastahili.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wa longibodi wanalijua na ambalo kila mwenye chukudu amelipata bila kulipa jina. Ukikanyaga freni mpaka gurudumu likafungika kabisa, haliviringiki tena, linaburutwa. Sehemu moja tu ndiyo inayokwaruzwa. Ukiachia, unasikia: du, du, du, kila mzunguko. Gurudumu limepata bapa. Ubaya wa bapa ni kwamba linajiita lenyewe: safari nyingine ukifunga freni, gurudumu linapenda kusimama pale pale, na bapa linakua. Kwa longibodi, gurudumu lenye bapa ni la kutupa. Kwa chukudu mtikisiko ule unalegeza misumari, na msumari ukitoka barabarani, mpira mzima unafunguka kama mkanda. Dawa yake ni mguu, si mpira: kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, tangu juu ya mteremko kabla mbio haijawa kubwa. Wazee wa kazi hiyo wanafanya hivyo. Vijana wanaokimbilia safari ya pili wanaacha mzigo ukimbie, kisha wanafunga.

Na kubadilishana. Wale vijana, kila baada ya muda, wanahamisha gurudumu la mbele nyuma na la nyuma mbele, ili yote yaishe sawasawa. Kwetu gurudumu la nyuma linabeba mzigo mkubwa na freni yote. La mbele linaelekeza tu. Fundi akikutengenezea magurudumu mawili ya kipimo kimoja na tundu la ekseli la kipimo kimoja, unaweza kuyabadilishana kabla la nyuma halijafika kwenye mti. Fundi wangu wa milango alisema hakuna mteja anayemwomba hilo. Basi waombe.

Kufika kwenye mti: hapo ndipo sipendi kuandika, lakini nitaandika. Miaka miwili iliyopita jirani yangu, baba wa watoto wanne, alikuwa anashuka upande wa Munigi na makala. Mpira wa nyuma ulikuwa umekwisha tangu juzi yake, vichwa vya misumari vilikuwa vinang'aa. Alijua. Alikuwa amesema atabadilisha akishalipwa safari ile. Kulikuwa na umande bado. Freni ikashuka juu ya mti mtupu, na mti ulioloa hausuguani na kitu, unateleza. Aliruka. Chukudu iliendelea hadi kwenye ukuta wa nyumba ambayo haijamalizika; kama ingekuwa saa moja baadaye, pale wanapita watoto wa masomo. Mguu wake ulivunjika pahali pawili. Leo anauza inite kwenye meza mbele ya nyumba yao, na mke wake ndiye anayeenda kulima kwa watu.

Nilipomtembelea hospitali sikumuuliza kwa nini hakubadilisha mpira. Jibu nilikuwa nalijua. Safari ile ilikuwa ndiyo pesa ya mpira.

Ndiyo maana sikubali wakisema wenye chukudu ni wazembe. Kijana wa longibodi akimaliza magurudumu, anasikitika, anangoja mwisho wa mwezi. Gurudumu ni gharama ya furaha yake, ameliweka kwenye hesabu tangu mwanzo. Mwenye chukudu anafanya kazi ambayo gurudumu ndilo linaloisha kila siku, na bei tunayompa haina nafasi ya gurudumu ndani yake. Dereva wa lori akitaja bei, mazuti yamo. Motari akitaja bei, esansi imo. Ikipanda leo, kesho na yeye anapandisha, tunanung'unika na tunalipa. Mpira wa chukudu ndio esansi yake. Unaungua vile vile, harufu tu ndiyo tofauti. Lakini kwa kuwa hanunui kwenye pampu, tunafanya kama chukudu inatembea bure, kwa nguvu za mtu, na nguvu za mtu Goma hazina bei.

Nilimweleza hayo rafiki mmoja anayefanya biashara ya mboga. Hakufurahi. Alisema: nikimwongezea huyu, mwingine atakubali kwa bei ya zamani, na wenzangu sokoni watauza viazi kwa bei ya chini kuliko mimi. Ni kweli. Mfanyabiashara mmoja peke yake hawezi. Mwenye chukudu mmoja peke yake hawezi vilevile: akidai pesa ya mpira Kibumba, nyuma yake wamesimama kumi wasiodai. Ndiyo sababu jambo hili linapaswa kusemwa pale wanapopanga foleni ya mizigo, kabla gunia la kwanza halijapakiwa, na liwe la wote: bei ya gunia, na juu yake kitu kidogo cha gurudumu, kinachojulikana, kisichojadiliwa. Sitaji kiasi, wao wanajua mpira wao unaisha baada ya safari ngapi, na asiyejua aanze kuhesabu kwa kuchora alama kwenye ubao kila safari. Wale vijana wa longibodi wanahesabu miteremko yao. Mtu aliyehesabu anaweza kumwambia mteja: mama, safari kumi na mbili mpira unaisha, wewe ni moja ya kumi na mbili. Hilo ni neno gumu kulibishia kuliko « mama, ongeza kidogo ».

Rafiki yangu alinijibu tena kwamba wateja watahamia pikipiki za magurudumu matatu. Wengine wamekwisha hamia. Lakini zile zinakunywa esansi, na esansi ikikosekana mjini, kama tulivyoona mara nyingi, ni nani aliyeleta viazi? Tulikula nini?

Na wenye mji wasijifiche nyuma yetu. Anayemtoza mwenye chukudu chochote barabarani anapaswa kumtazama gurudumu kwanza. Sisemi kumkamata, Mungu apishe mbali, tunajua kukamatwa kunaishaje. Nasema mahali pamoja juu ya mteremko, kivuli, fundi mmoja, misumari na mipira ya lori iliyokatwa tayari. Anayeonyesha misumari inayong'aa asishuke mpaka apigiwe mpira, na alipe jioni akirudi. 

Juzi nikamwona tena kijana wa Majengo, safari hii karibu na Katindo, anasukuma mzigo wa mashu kwenye kipando. Sikumtambua yeye, niliitambua chukudu. Chini ya usukani ameninginiza vipande viwili vya mpira wa lori, vinene, vyenye meno. Nikamsalimu, nikamuuliza amevipata wapi.

« Kimoja nilinunua, papa. »

« Na cha pili? »

Akajipangusa uso kwa mkono. « Kile ni cha mama wa viazi. Alikileta mwenyewe, amenunua kwa fundi. Anasema ni mkopo, nitaukata kwenye magunia. »

« Magunia mangapi? »

« Bado tunabishana, » akasema, na akaegemea usukani kusukuma.